Kukata miiba ya dungusi kakati la ndani, kulihamisha au kulibadilisha: lipi linafaa?

Swali la kupunguza miiba ya dungusi kakati huzuka nyumbani kwa sababu zinazofahamika: mtoto ameanza kutambaa, paka amezoea kulala dirishani, chungu kimekaa kwenye korido nyembamba ya ghorofa, au mmea wenyewe umerefuka hadi kuegemea njia. Mwenye nyumba hapendi kuutupa, hasa ukiwa ni wa miaka mingi, lakini pia hapendi kila mgeni aondoke na mwiba kwenye mkono wa shati. Njia zilizopo ni kukata ncha za miiba, kung'oa miiba mizima, kufunika ncha, kuhamisha chungu, au kuutoa mmea na kuweka mwingine usiochoma. Kila mojawapo ina mahali pake. Msimamo wangu ni kwamba kukata kunafaa mimea michache kuliko watu wanavyodhani, ingawa pale kunapofaa, kunafaa kweli na mmea haudhuriki.

Mwiba una kazi gani

Ili kuzilinganisha njia hizo kwa haki, ni lazima kujua kwanza mwiba ni kitu gani. Mwiba wa dungusi ni jani lililobadilika umbo. Huota kwenye areoli, yaani kijivimbe kidogo chenye sufi fupi ambacho hakipatikani katika familia nyingine yoyote ya mimea. Mwiba ukishakomaa huwa umekufa na kukauka. Ukiukata hautoi maji wala hauozi, na mmea haupotezi chochote, kama vile mtu asivyopoteza chochote kwa kukata kucha. Areoli, kwa upande wake, iko hai, na ndiyo inayotoa ua na tawi jipya. Tofauti hiyo kati ya mwiba uliokufa na areoli iliyo hai ndiyo inayoamua karibu kila jambo litakalofuata.

Huko yalikotoka madungusi, katika nchi za Amerika kuanzia Kanada hadi Patagonia, miiba huwazuia wanyama wasile shina lenye maji, hulitilia shina hilo kivuli, na kwa baadhi ya aina hunasa umande na kuudondosha kwenye mizizi. Sebuleni hakuna mbuzi wala umande, kwa hiyo kazi pekee inayobaki na maana ni ile ya kivuli, tena kwa mmea unaopigwa na jua moja kwa moja. Dungusi lililofunikwa na miiba tele, likinyolewa kisha likarudishwa kwenye dirisha linaloelekea magharibi, huweza kuungua ngozi na kubaki na mabaka ambayo hayafutiki maisha yake yote.

Huenda si dungusi

Kabla ya kushika kifaa chochote, mmea uchunguzwe. Mimea mingi yenye miiba inayouzwa Afrika Mashariki kwa jina la kakati ni jamaa za mnyaa, yaani Euphorbia. Mifano ya kawaida ni Euphorbia trigona, yenye shina la pembe tatu na vijani vidogo kwenye kingo zake, na Euphorbia milii iliyotoka Madagaska, yenye vijiti vilivyojaa miiba na maua mekundu au ya waridi. Mimea hiyo imefanana na madungusi kwa sababu imekabiliana na ukame kwa njia ileile, wala si kwa udugu. Ukiitazama Euphorbia trigona kwa karibu, utaona miiba imekaa miwili miwili juu ya ukingo bila sufi yoyote chini yake, na ukichubua ngozi kidogo hutoka utomvu mweupe.

Utomvu huo huwasha ngozi, na ukiingia jichoni huleta maumivu makali na huweza kumfanya mtu asione kwa muda. Anayepatwa na ajali hiyo anapaswa kuosha jicho kwa maji safi yanayotiririka, kwa muda mrefu, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Kwa hiyo kwenye Euphorbia hesabu ya faida na hasara inageuka: mwiba ukikatwa bila kugusa ngozi hakuna neno, lakini kifaa kikiteleza na kuchubua shina, hatari inayotokea ni kubwa kuliko ya mwiba wenyewe. Mwenye mmea huo na mtoto mdogo nyumbani nisingemshauri akate hata mwiba mmoja. Auweke nje mahali pasipofikika, au aachane nao. Yapo madungusi ya jenasi ya Mammillaria ambayo nayo hutoa maziwa yakichubuliwa, ila hayo hutambulika upesi kwa sufi ya areoli zake.

Kukata ncha au kung'oa

Kukata ncha ni kuondoa sehemu kali tu na kuacha kisiki cha mwiba. Kung'oa ni kuushika mwiba kwa kibano na kuuvuta mpaka utoke kwenye areoli. Wengi huvutiwa na kung'oa kwa sababu hakuna kisiki kinachobaki, na kwa mtazamo wa kwanza kazi inaonekana kufanyika mara moja tu na kwisha. Mimi sioni sababu ya kung'oa miiba ya dungusi zima. Mwiba umekita ndani ya areoli, na ukivutwa kwa nguvu huondoka na kipande cha ngozi, kisha kila tundu linalobaki huwa mlango wa ukungu na bakteria. Areoli iliyochanika huenda isitoe ua wala tawi tena. Katika miji yenye unyevu mwingi kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, ambako jeraha la mmea huchelewa kukauka, uozo unaweza kuwa umefika katikati ya shina kabla doa la nje halijawa kubwa. Kung'oa kunafaa kwa mwiba mmoja mmoja: ule uliovunjika ukachomoza vibaya, au ile ya sehemu ya chini ya kipandikizi itakayozikwa udongoni. Baada ya hapo mmea usinyweshwe maji kwa muda wa wiki moja, ili matundu yazibe.

Kukata ncha hakuna madhara hayo, lakini kuna mambo mawili ambayo wengi hawayatarajii. La kwanza ni kifaa. Mkasi wa kawaida hukata mshazari, na mwiba mnene uliokatwa mshazari hubaki na ncha mpya ambayo pengine ni kali kuliko ile ya awali. Kikata kucha, hasa kile kikubwa cha kucha za miguu, hukutanisha makali yake uso kwa uso na kuuacha mwiba ukiwa butu, na penye shaka tupa ya kucha humalizia. La pili ni urefu. Mwiba mwembamba na mrefu hupinda unapoguswa. Ukifupishwa sana hukosa kupinda, na kisiki chake huchoma zaidi ya mwiba mzima. Kwa miiba myembamba, basi, iondolewe ncha peke yake. Miiba minene inaweza kukatwa popote, mradi makali yasifike kwenye sufi ya areoli.

Kwa sababu hizo, kukata kunalifaa dungusi refu la mbavu kama Cereus, ambalo areoli zake zimeachana na kila moja ina miiba michache iliyo imara. Hakuifai Mammillaria, na zaidi hakulifai dungusi la duara lenye miiba ya manjano linalojulikana kwa jina la Echinocactus grusonii, kwa kuwa miiba yake ni mingi mno na ndiyo uzuri wake wote. Kulinyoa dungusi hilo ni kazi ya kutwa nzima, na mwisho wake ni mpira wa kijani uliojaa visiki. Mmea unaotii kifaa hiki kuliko yote si dungusi hata kidogo, bali ni agavi, jamaa ya mkonge, ambayo kila jani lake lina mwiba mmoja mkavu wa kahawia kwenye ncha. Ukiukata mwiba huo bila kugusa kijani, jani zima limekuwa salama, isipokuwa zile aina zenye meno kandokando.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Chungu kiwekwe mahali penye mwanga, udongo ukiwa umekauka, na chini kutandikwe shuka kuukuu, kwa kuwa vipande vinavyoanguka kwenye zulia macho yasipoviona nyayo zitaviona. Makali ya kikata kucha yafutwe kwa spiriti. Kunja gazeti mara kadhaa upate ukanda mnene wenye upana wa vidole vitatu, uuzungushe kwenye shina, kisha ushike ncha zake mbili pamoja kwa mkono mmoja. Ukanda huo ndio utakaotumika kugeuza na kutuliza mmea. Vaa miwani, ya kusomea ikibidi, kwa sababu kipande cha mwiba mkavu huruka pale kinapokatika. Fuata ubavu mmoja hadi uishe ndipo uhamie wa pili, na ukifika kileleni uache: miiba ya hapo ingali michanga na laini, na ndiyo inayokinga sehemu inayokua. Mwiba ukikuingia kwa kina, uliza ulipata lini chanjo ya pepopunda. Ukivunjikia karibu na kiungo cha kidole na kidole kikavimba, hilo ni jambo la daktari wala si la sindano ya nyumbani.

Mwiba uliokatwa haurefuki tena, lakini shina huendelea kukua na kutoa areoli mpya zenye miiba mipya. Anayechagua njia hii ajue kwamba atairudia kila mmea unapoongeza kimo.

Mpungate

Yote yaliyosemwa juu ya kukata hayahusu mpungate, yaani Opuntia, na hapa ndipo watu wengi huumia. Mpungate una aina mbili za miiba. Ipo ile mirefu ambayo kila mtu huiona, na vipo vijiba: mafungu ya vinywele vifupi, vyembamba mno, vyenye vikulabu vinavyoelekea nyuma, ambavyo hung'oka kwa kuguswa tu. Opuntia microdasys, ile ndogo yenye vipande viwili viwili vya masikio ya sungura ambayo huwekwa kwenye vyungu vya mezani, haina mwiba mrefu. Inaonekana imepambwa kwa vidoa vya manjano au vyeupe vyenye mahameli, na mtoto yeyote angependa kuipapasa. Kila kidoa ni fungu la vijiba. Kikata kucha hakiwezi kuvishika, na kibano huvitawanya. Vikiingia kwenye glovu za ngozi hubaki humo vikimsubiri atakayezivaa mara nyingine, kwa hiyo mmea huo hushikwa kwa koleo la jikoni au kwa gazeti litakalotupwa.

Ni kweli kwamba ziko jamii zinazousafisha mpungate kwa wingi. Wauza mboga wa Meksiko huparua vipande vichanga kwa kisu mbele ya mteja. Wafugaji wa kusini mwa Madagaska huvibabua kwa moto wakati wa ukame ndipo ng'ombe wavile, na wafugaji wa Texas nchini Marekani wamefanya hivyohivyo kwa vichomeo vya gesi. Njia hizo ni bora kabisa kwa mpungate unaokwenda kuliwa muda mfupi baadaye. Mmea wa chungu unaotakiwa kuendelea kuishi haupaswi kuparuliwa wala kubabuliwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Luther Burbank wa Santa Rosa, California, alitangaza mipungate isiyo na miiba aliyoizalisha kwa ajili ya malisho. Tatizo lililojitokeza ni kwamba mmea usio na kinga ulihitaji uzio ili mifugo isiumalize. Hata leo mipungate inayoitwa laini hukosa miiba mirefu tu. Vijiba vinaweza kuwepo, na haifai kuipapasa kwa kuamini jina.

Aliyekwisha kuvigusa vijiba asisugue mahali hapo, asipeleke mkono jichoni, wala asinyonye kidole. Taa iwekwe kando ya mkono, si juu yake, ili kila kijiba kitoe kivuli na kuonekana. Vinavyoonekana vichomolewe kwa kibano. Kisha ipakwe gundi nyeupe ya shuleni, ilazwe shashi juu yake, na ikikauka ibanduliwe pamoja na vilivyosalia. Selotepu huondoa vile vilivyokaa juujuu tu. Kwa mpungate, basi, uchaguzi umebaki kati ya kuhamisha na kubadilisha.

Kufunika ncha na kuhamisha chungu

Kufunika ncha kwa vipande vya koki au sponji ni njia ya muda mfupi. Inasaidia siku ya kuhama nyumba, au kwa agavi inayokaa kibarazani wakati wa sherehe. Kama njia ya kudumu siipendekezi: vipande huanguka, mmea hupoteza sura, na mtoto anayetambaa atavichomoa na kuvitia mdomoni, jambo ambalo ni baya kuliko kuchomwa.

Kuhamisha chungu ndilo chaguo langu la kwanza kwa nyumba nyingi. Hakugharimu kitu, hakujeruhi mmea, na hufaa dungusi la aina yoyote pamoja na mpungate. Ugumu uko kwenye mwanga. Mahali salama ndani ya nyumba, kama juu ya kabati au pembe ya ukumbi, mara nyingi ni gizani, na dungusi lililowekwa gizani hurefuka kwa shingo nyembamba na ya kijani hafifu ambayo hainenepi tena hata likirudishwa juani. Rafu imara iliyo karibu na dirisha, juu ya usawa wa kichwa cha mtoto, hutatua jambo hilo kwa mmea mdogo. Kuutundika mmea wenye miiba au kuupandisha juu ya mlango ni kubadilisha hatari ya mwiba kwa hatari ya chungu kuanguka. Mmea mkubwa ukae kwenye kona yenye mwanga, mbele yake viwekwe vyungu vipana vya mimea laini, ili mtu azuiwe na majani kabla ya kuifikia miiba. Ukihamia nje kutoka chumbani, uzoeshwe jua kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili hivi, kwani ngozi iliyozoea kivuli huungua.

Paka ni suala jingine. Wengi wao hujifunza baada ya mchomo mmoja na kuuepuka mmea, ila kwa vijiba vya mpungate somo hilo ni la gharama, maana paka huvilamba vikaingia ulimini.

Kubadilisha mmea

Anayependa madungusi lakini hawezi kuvumilia miiba ana chaguo zuri zaidi ya kunyoa alilonalo. La kwanza ningelitaja Rhipsalis baccifera, ambalo ndilo dungusi pekee linaloota lenyewe nje ya Amerika: linapatikana katika misitu ya Afrika ya tropiki, ikiwemo ya Tanzania na Kenya, na pia Madagaska na Sri Lanka. Hukaa juu ya matawi ya miti na kuning'iniza vishina vyembamba vya kijani vyenye matunda madogo meupe. Vishina vikiwa vichanga, baadhi huwa na vinywele laini, kisha hubaki bila kitu. Lipatikane kwa kipandikizi kutoka kwa mtu aliye nalo, si kwa kuling'oa msituni.

Schlumbergera, linalotoka kwenye milima ya pwani ya Brazili, lina vishina bapa vilivyoungana na maua ya waridi, mekundu au meupe. Huhitaji usiku mrefu na ubaridi ili lifunge maua, kwa hiyo mtu wa nyanda za juu atalifurahia kuliko wa Pwani, ambako linaweza kukaa na majani matupu, au tuseme vishina vitupu, mwaka mzima. Wa Pwani ajaribu Epiphyllum oxypetalum, lenye ua kubwa jeupe linalonukia ambalo hufunguka usiku na kunyauka kabla ya jua kupanda. Kwa anayetaka umbo la jangwani kabisa kuna Astrophytum asterias, dungusi bapa la duara lenye madoa meupe, linalotoka Meksiko na Texas. Halina mwiba, lakini hukua polepole sana na halivumilii udongo unaokaa na maji.

Tofauti kubwa hapa ni ya matunzo. Cereus husamehe kusahauliwa kwa wiki kadhaa. Rhipsalis, Schlumbergera na Epiphyllum ni mimea ya msituni: hutaka kivuli chepesi, udongo wenye mboji, na maji ya mara kwa mara. Msafiri wa kila mwezi anayeutupa mwiba ili apate ulaini atajikuta na mmea uliokufa. Huyo ni bora akate ncha za Cereus lake, au alisogeze. Mwenye mtoto anayetambaa na mpungate wa aina yoyote abadilishe, asijadili. Mwenye dungusi la duara lenye miiba ya kupendeza alihamishe na aliache lilivyo. Na katika nyumba yenye mtu asiyeona vizuri, ambaye hupapasa ukuta akipita, nisingeacha mmea wa miiba kwenye njia yake hata ukiwa umekatwa ncha zote.

Mabaki

Miiba iliyokatwa isiingie kwenye lundo la mboji, kwa maana haiozi upesi na itarudi mkononi wakati wa kupanda. Mmea mzima unaoondolewa unahitaji uangalifu zaidi, hasa mpungate, ambao kipande kimoja kikiangukia udongo hutoa mizizi. Katika Kaunti ya Laikipia nchini Kenya, Opuntia stricta iliyoletwa na watu imevamia malisho. Mifugo inayokula matunda yake huumizwa na vijiba midomoni, machoni na tumboni, huku tembo na nyani wakisambaza mbegu, na imebidi kuingizwa mdudu wa kochinili, Dactylopius opuntiae, ili kuupunguza. Vipande visitupwe nyuma ya uzio wala kwenye mtaro. Viachwe juani juu ya saruji au bati mpaka vinyauke kabisa, vifungwe ndani ya boksi gumu badala ya mfuko wa plastiki, na boksi hilo liandikwe kwa herufi kubwa kwamba lina miiba, kwa ajili ya mzoa taka ambaye mara nyingi hulibeba kwa mikono mitupu.